Je, binti wa mtemi angepona mikononi mwa mtemi kijana katili?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na kikundi chetu cha sanaa hapa Tabora tunaandika mchezo wa redio. Kisa kinatokea Unyamwezi miaka ya 1870. Boma la mtemi mmoja linaanguka na binti yake wa miaka 11 anatekwa. Aliyemteka ni mtemi wa miaka 17, amerithi juzi tu, na ni katili kweli kweli: mtu akicheka vibaya mbele yake anauawa. Binti anafungwa shimoni chini ya boma, na kila jioni anatolewa ili mtemi amdhihaki mbele ya watu. Yeye hanyamazi, anamjibu. Nataka awe hai mpaka mwisho wa mchezo, miaka mitano baadaye. Wenzangu wanasema naota, mtemi wa namna hiyo angemuua siku ya kwanza. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wenzako wanakosea kuhusu siku ya kwanza, na wewe unakosea kuhusu mwaka wa tatu. Binti anaweza kupona, tena bila muujiza. Watoto wa kitawala waliotekwa wakaishi ni wengi katika historia, na baadhi yao walikuwa mikononi mwa watu ambao wangemfanya mtemi wako aonekane mpole. Lakini ukiendelea kujiuliza mtemi huyu ni mkatili kiasi gani, utaandika mchezo wa vitisho tu, maana ukatili wake peke yake haumuui mtoto. Jiulize nani anamhitaji mtoto huyu akiwa hai, anamhitaji kwa lipi, na ni habari gani ikifika asubuhi itamfanya asihitajike tena.

Nianze na hiyo siku ya kwanza. Boma linapoanguka watu hufa ovyo. Ruga-ruga, wale vijana wapiganaji wa watemi, wameingia na magobore, bangi imewapanda kichwani, wanatafuta ng'ombe, pembe za ndovu, baruti na nguo. Hakuna anayeuliza huyu ni mtoto wa nani. Binti akiuawa saa hiyo, ameuawa kama mtoto mwingine yeyote, na asipouawa atatiwa kwenye kundi la mateka pamoja na watoto wa wakulima. Waandishi wa michezo hupenda kumficha mtoto wa mfalme asijulikane, avae matambara, ajipake masizi. Kwa Unyamwezi ya wakati ule, kujificha ndiko kungemmaliza. Mateka asiyejulikana alikuwa mali ya kuuzwa. Angefungwa, angeletwa Tabora, angeunganishwa na msafara wa kwenda Bagamoyo, na hapo ukoo wake umekwisha hata kama yeye yu hai. Kwa hiyo mpe mtu wa kumtambulisha: mjakazi wa ikulu, au mpiga ngoma wa baba yake aliyeshikwa naye, apige kelele kwamba huyu ni damu ya mtemi. Kelele hiyo inampeleka kwa adui, na ndiyo inayomwokoa.

Sasa amefika. Kwa nini asiuawe? Hapa huna haja ya kwenda mbali, una Mirambo na Nyungu ya Mawe, wote watu wa miaka unayoiandikia, wote wamefariki Desemba 1884.

Mirambo, mtu wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 mpaka 1875, hakuwa na moyo laini. Mtemi aliyempinga akashindwa, mara nyingi aliuawa. Lakini baada ya kumuua, Mirambo mara nyingi alimweka juu ya kiti mtu wa ukoo uleule wa kitemi, mtu aliyekubali kumtii. Hakufanya hivyo kwa huruma. Kila himaya ilikuwa na makaburi ya watemi wake, na mvua, mavuno na afya ya nchi vilihesabiwa kuwa mikononi mwa ukoo uliozikwa hapo. Mgeni akija kutambika kwenye makaburi ya wenyeji, wenyeji wangemsubiri kiangazi kimuumbue. Ukiwa na mtoto wa ukoo huo ndani ya boma lako, unaye mtemi wa kesho uliyemlea mwenyewe, anayekula chakula chako na kukuogopa wewe. Mshindi mwenye akili hamchinji.

Nyungu alikwenda njia nyingine. Yeye alitoka kwenye ukoo wa watemi wa Unyanyembe, akatoka hapa, akaiteka Ukimbu kusini na mashariki ya Tabora. Huko aliweka watu wake mwenyewe, watwale, wakae juu ya watemi wa Kikimbu, na watemi wenyewe akawaachia matambiko yao. Maana yake, kwa Nyungu mtoto wa mtemi aliyeshindwa hakuwa na bei kubwa kama kwa Mirambo, kwa sababu utawala haukupitia kwake tena. Hakuwa hatari kubwa pia. Mtoto kama huyo angeweza kuishi kwa kusahauliwa, na katika kifungo kusahauliwa ni riziki.

Amua basi mtemi wako kijana anafuata njia ya nani. Mimi ningemfanya arithi mfumo wa aina ya Mirambo kutoka kwa baba au mjomba wake, halafu yeye mwenyewe atamani ule wa Nyungu. Wazee wanasema mtoto atunzwe, kijana anasema kwa nini nimlishe. Una mgogoro mkubwa kabla hujaandika hata tusi moja.

Kabla sijaenda mbele, kuna jambo ambalo muhtasari wako haukulisema, na hapa Tabora msikilizaji mzee atalishika mara moja. Binti huyu ni mtoto wa mtemi au ni mtoto wa dada yake mtemi? Katika baadhi ya himaya za Unyamwezi kiti kilipitia kwa watoto wa dada, na katika karne ile ya 19 baadhi zilikuwa zimeanza kuhamia kwa watoto wa mtemi mwenyewe. Ikiwa himaya ya baba yake inafuata njia ya dada, binti wa mtemi si mrithi na watoto wake hawatarithi. Anayetafutwa kwa mienge usiku kucha ni binamu yake, mtoto wa shangazi. Binti wako anaweza kuwa hai kwa miaka miwili kwa sababu tu mtemi kijana, ambaye kwao wanarithi baba kwa mwana, hajui kwamba ameshika mtoto asiye sahihi. Halafu siku moja anaambiwa. Usidhani pia kwamba kwa kuwa ni msichana hana hatari yoyote kwa kiti: Nyungu alipokufa aliyemrithi alikuwa binti yake, Mgalula, na akatawala mpaka Wajerumani wakamkuta.

Tuje kwa mtemi mwenyewe. Umempa miaka 17, nami nakupongeza, maana umri huo una hatari yake. Mtawala mzee katili huua kwa hesabu. Kijana huua kwa aibu. Hajazaa mrithi, hajashinda vita yake mwenyewe, wazee waliomzunguka walikuwa wazee wa baba yake na anajua wanamlinganisha naye kila akifungua mdomo. Cheko la mtu mmoja ni kubwa kwake kuliko jeshi.

Mfano ulio karibu nasi ni Mwanga, kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Aliketi kwenye kiti mwaka 1884 akiwa na miaka kama 16. Ikulu yake ilijaa vijana watumishi, wengi wao wana wa machifu na watu wakubwa. Hawakuwa mateka kwa jina, lakini kila baba aliyepeleka mwanawe pale alijua kwamba mwanawe ni rehani pia. Wengi wetu tunajua mwisho wa kisa hicho, Namugongo, 3 Juni 1886, vijana wengi wa ikulu walipouawa kwa ajili ya dini yao ya Kikristo. Kwa kazi yako nataka uangalie jinsi mambo yalivyofika huko.

Kulikuwa na Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wale, mtu aliyeaminiwa na Mwanga na aliyewakinga wadogo wake wasifikwe na hasira wala matakwa ya kabaka. Mwishoni mwa Oktoba 1885 askofu James Hannington aliuawa kwa amri ya Mwanga, Balikuddembe akamwambia kabaka kwamba amekosea, na tarehe 15 Novemba akauawa yeye. Vijana hawakufa siku ile. Waliendelea kuishi zaidi ya miezi sita, chini ya Karoli Lwanga aliyeshika nafasi hiyo, lakini ukuta ulikuwa umeshabomoka. Mei 1886 Mwanga akarudi kutoka kuwinda viboko bila kupata kitu, hasira tele, akamwita kijana aitwaye Mwafu, akaambiwa yuko kwa Denis Ssebuggwawo anafundishwa dini. Ssebuggwawo akashambuliwa kwa mkuki na akauawa. Mwafu, mwanafunzi wake katika kosa lilelile, hakuuawa. Mwafu alikuwa mtoto wa Katikiro, waziri mkuu wa kabaka.

Mandhari hiyo moja inakutosha kujifunza kazi nzima. Ikulu ileile, hasira ileile, kosa lilelile, na wazazi tofauti. Apolo Kagwa naye, aliyekuwa akitumikia ghala la ikulu, alipigwa vibaya na Mwanga siku hizohizo akaachwa hai, akaja kuwa Katikiro kwa zaidi ya miaka 30. Na wapo vijana waliopelekwa mpaka Namugongo kwenyewe wakarudishwa. Denis Kamyuka alikuwa mmoja wao, akaishi kusimulia. Lakini usifikiri ukaribu na wakubwa ulimwokoa kila mtu. Mbaga Tuzinde alikuwa wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, na Mukajanga alimsihi akubali kukana au kujificha. Kijana akakataa, akafa.

Kwa hiyo mtemi wako asianze na binti. Aanze na yule anayemkinga binti. Msikilizaji akisikia mzee yule ameuawa katika sehemu ya tatu, hutakuwa na haja ya kumtisha tena kwa maneno.

Kuna kosa lingine la kawaida, la kudhani kwamba mfalme kijana ndiye anayetawala. Desemba 1896 huko Rwanda, si mbali na majirani zetu wa Kigoma, Rutarindwa aliyekuwa mwami, yaani mfalme, aliangamizwa pale Rucunshu pamoja na watu wa nyumba yake, nyumba ikiwaka moto. Aliyewekwa mahali pake, Musinga, alikuwa mtoto wa miaka kama 13. Hakuna anayesema Musinga ndiye aliyepanga. Waliopanga ni mama yake, Kanjogera, na kaka zake Kanjogera, Kabare akiwa mbele. Mateka aliyeomba huruma kwa Musinga mwaka ule angekuwa anaomba kwa mtu asiye na ufunguo. Mtemi wako wa miaka 17 yuko katikati: anajua mama na wajomba wanamwamulia, na anachoka. Mtoto mateka ni mahali pazuri pa kuonyesha kwamba sasa naamua mwenyewe. Mama akisema mtoto aishi, hilo laweza kuwa sababu ya kutosha ya kumuua.

Kisa hicho kilitokea Roma. Nero alipata ufalme mwaka 54 akiwa na miaka 16. Ndani ya nyumba alikuwemo Britannicus, mwana wa mfalme aliyetangulia, mtoto wa miaka 13. Ilipita miezi minne tu, mtoto akaanguka mezani wakati wa chakula, akafa siku chache kabla hajatimiza 14, na waandishi wa kale wanasema ni sumu. Kilichomponza ni kwamba Agrippina, mama yake Nero, aligombana na mwanawe akaanza kutishia kwamba mrithi halali yupo. Mtoto hakusema neno lolote. Alipendwa na mtu asiyefaa, kwa sauti kubwa mno. Dada yake, Octavia, aliolewa na Nero huyohuyo na akaishi miaka saba zaidi, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa uzi uliomfunga Nero na ukoo wa zamani. Mwaka 62 Nero akapata mwanamke mwingine aliyetaka kumwoa, uzi haukuhitajika tena, Octavia akauawa. Ukisoma visa vya watoto hawa wawili pamoja, utaona kwa nini nilisema mwaka wa tatu ni mgumu kuliko siku ya kwanza.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye kisa ninachokiona bora kuliko vyote kwa kazi yako, cha Ethiopia. Mfalme si kijana, alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, lakini ukatili hauna ubishi.

Mwaka 1855 Tewodros aliiteka Shewa. Mtawala wa Shewa alifariki wakati wa vita hiyo akaacha mtoto wa miaka 11, umri wa binti yako kabisa, jina lake Menelik. Mtoto akachukuliwa, na miaka yake ya kifungo ikaishia kwenye mlima wa Magdala, ngome yenye majabali pande zote. Alikaa mateka miaka kumi. Hakutupwa shimoni. Alilelewa karibu na mfalme, akafundishwa mambo ya vita na utawala, akawa na watu wazima wa kwao Shewa waliokuwa mateka pamoja naye, na alipokuwa mtu mzima Tewodros akampa binti yake, Alitash, awe mkewe. Kwa nini? Kwa sababu Shewa ilikuwa nchi kubwa, mbali, isiyotulia, na Menelik alikuwa njia ya kuishika bila vita ya kila mwaka. Nadhani pia Tewodros alimpenda. Katili anaweza kupenda mtoto mmoja, na mchezo wako utapata uhai siku mtemi wako atakapomfanyia binti jambo moja jema lisilo na sababu, kisha alijutie.

Katikati ya mwaka 1865 Menelik alitoroka usiku, akamwacha mkewe. Njia ya kwenda Shewa ilipita Wollo, nchi ya malkia Workitu wa Waoromo. Naye Workitu alikuwa na mtoto wake wa kiume mateka palepale Magdala. Angeweza kumkamata Menelik ambadilishe na mwanawe. Akamwacha apite. Tewodros alipojua, mwana wa Workitu pamoja na mateka wengine wa Wollo wakauawa kikatili, wakatupwa kwenye jabali.

Wawili hao walikaa ngome moja chini ya mfalme mmoja. Mmoja akawa Menelik wa Pili aliyewapiga Waitaliano Adwa mwaka 1896. Mwingine alikufa kwa uamuzi wa mama yake, mbali na macho yake, kwa ajili ya mtoto wa watu. Hakuna tabia yoyote ya yule kijana wa Wollo, ushujaa wala upole, ambayo ingebadilisha lolote asubuhi ile. Habari ilifika, bei yake ikawa sifuri. Na kama ungependa kuona dunia inavyozunguka: Tewodros alipojiua mwaka 1868 Waingereza walipoivunja Magdala, mwanawe mwenyewe, Alemayehu, mtoto wa miaka saba, alichukuliwa Uingereza. Huko alitunzwa, alisomeshwa, malkia Victoria alimpenda, na akafa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1879 akiwa na miaka 18. Hakuna aliyemwinulia mkono.

Kuna baba mmoja wa Kiingereza ambaye nakutajia kwa haraka tu, kwa ajili ya sehemu ya ujumbe kutoka nje. Mwaka 1152 mfalme Stephen alimshika mtoto mdogo, William Marshal, awe dhamana ya ahadi ya baba yake. Baba akaivunja ahadi, na alipoambiwa mtoto atanyongwa alijibu kwamba anazo nyundo na fuawe za kufua watoto wengine bora zaidi. Stephen hakuweza kumuua. Alikuwa na moyo laini, na mtoto akakua akawa mtu mkubwa sana wa Uingereza. Mbele ya mtemi wako mtoto yule asingepona.

Je, kuwa msichana kunamsaidia? Mara nyingi kunamsaidia kuishi, lakini hakumsaidii kutoka. John wa Uingereza alimteka mpwa wake Arthur wa Brittany mwaka 1202, kijana wa miaka 15. Mwaka uliofuata Arthur hakuonekana tena. Dada yake, Eleanor, alishikwa pia, na yeye aliishi. Aliishi mpaka 1241, karibu miaka 40, ametunzwa vizuri, hakuolewa, hakuachwa huru, hata baada ya John mwenyewe kufa. Waliogopa watoto ambao angezaa. Ukitaka miaka mitano tu, binti yako anapona kwa urahisi kwa njia ya Eleanor, lakini hutakuwa na mchezo.

Kwa upande wetu, ushahidi wa jinsi ukoo usivyomsahau binti aliyetekwa unapatikana kwa Tippu Tip, ambaye baba yake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa hapa Unyanyembe. Alipofika Utetera, huko Kongo, alikuwa ameshasikia kwamba mtawala wa huko, Kasongo Rushie, alipoteza dada zake waliotekwa vitani zamani sana. Tippu Tip akajitokeza akasema bibi yake ndiye dada huyo. Mzee akamwamini, akamkabidhi nchi. Miaka mingi baada ya binti kupotea, jina lake lilikuwa bado linafungua milango, hata kwa mtu aliyekuja na maneno tu.

Basi nirudi kwenye muswada wako, maana nina mambo ya kunung'unika.

Shimo la chini ya boma liondoe. Boma la Unyamwezi ni ukuta wa miti na udongo, ndani yake tembe zenye paa bapa, uwanja, maghala ya nafaka. Mateka wa kawaida alitiwa kongwa shingoni. Mateka wa kitawala angewekwa kwenye nyumba ya mmoja wa wake au mama za ikulu, apewe kaniki, alime, atwange, achote maji, alale mahali ambapo mtu mzima anasikia akikohoa. Hiyo ni nzuri kwako kuliko shimo, maana redio haionyeshi giza, inatoa sauti: mchi, ngoma ya ikulu, wanawake wakisengenya. Yule mwanamke anayelala naye ndiye mhusika wako wa pili kwa uzito baada ya mtemi. Huyo ndiye atakayejua kwanza kwamba mtemi ameamka vibaya, ndiye atakayesema mtoto anaumwa leo hawezi kuletwa uwanjani.

Majibizano ya kila jioni yaondoe pia, au yaache mara moja tu. Nimekwambia kijana huua kwa aibu. Mtoto akimjibu mtemi mbele ya ruga-ruga, ambao ni vijana wa rika lake anaowaonea haya, wazee hawawezi tena kumwokoa. Wakimtetea watakuwa wamekubali kwamba mtemi ametukanwa. Kama ni lazima ajibu, ajibu faraghani, ambako mtemi anaweza kujifanya hakusikia. Mpande wa Wazulu aliishi chini ya kaka yake Dingane aliyewamaliza ndugu zake wengine, kwa sababu alionekana mzito wa akili, mtu wa kuachwa na ng'ombe wake. Mwaka 1840 akampindua. Binti yako awe mtu wa namna hiyo: asahau majina, acheke mahali pasipo pa kuchekesha, awe mzuri kwenye kazi moja ambayo ikulu inaihitaji. Sisi wasikilizaji ndio tujue kwamba anahesabu kila gobore linaloingia.

Panga habari tatu au nne kutoka nje, ukizitawanya katika miaka mitano, na kila moja ibadilishe bei yake. Mtu wa kwao amechukua kiti na ametuma pembe za ndovu za kumgomboa: bei imepanda. Huyohuyo anaacha kutuma, kwa sababu amegundua kwamba binti akirudi atamsumbua: bei imeshuka, na wa kulaumiwa ni ndugu. Baruti imekwisha ikuluni na kuna mfanyabiashara yuko Tabora yuko tayari kununua watu: hapo yuko karibu kupotea kuliko alivyokuwa karibu na mkuki wakati wowote. Kisha kiangazi kirefu, mvua imekataa, waganga wanasema makaburi ya nchi ile iliyotekwa hayajatambikiwa na mtu wa damu. Nadhani unaona mwenyewe jinsi hiyo ya mwisho inavyoweza kumtoa ndani ya boma akiwa hai, tena kwa amri ya mtemi na ulinzi wa ruga-ruga wake.

Na ndui usiisahau. Ilitembea na misafara, ikaua watumwa, mabwana na watemi bila kuuliza ukoo. Kama unahitaji kifo cha ghafla katika sehemu ya nne na hutaki kumpa mtemi sifa hiyo, ipo. Usimpe binti. Mpe yule mama anayelala naye, halafu uone mtoto wa miaka 14 anavyobaki ikuluni bila mtu wa kusema leo anaumwa.

Ukimaliza kuandika upya sehemu ya tatu niletee nyumbani, nipo jioni zote isipokuwa Ijumaa.